Neno Alilonalo Mtafutaji



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatuna ugomvi na wahenga, lakini walisema hayo katika miji ambayo kila mtu alimjua mwenziwe. Mahamri ya mama fulani yalijiuza kwa sababu harufu yake ilipita kichochoroni alfajiri, na mtoto aliyetumwa akaifuata kwa pua hadi mlangoni. Siku hizi binti zetu na dada zetu wengi huweka kazi za mikono yao mtandaoni: mapishi, ushoni, hina, masomo ya watoto. Huko hakuna harufu wala kichochoro. Yupo mtu aliyekaa na simu yake, ameandika maneno matatu au manne, anangoja jawabu. Ikiwa kitu chako hakina maneno hayo, basi hata kiwe kizuri vipi hakitajiuza, kwani hakuna atakayejua kwamba kipo.

Wiki hii twapenda kuzungumza juu ya maneno hayo, yaani namna ya kuyachagua ili mtafutaji aweze kukufikia. Huenda baadhi yenu wakashangaa kumwona mtu aliyelelewa na madrasa akiliingia jambo la vijana. Kwetu sisi si jambo geni kama linavyodhaniwa. Kutafuta neno ndiyo kazi tuliyofunzwa tangu utotoni.

Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu alikuwa akitupa neno moja la Kiarabu na kututuma tukalitafute katika Lisanul-Arab, kamusi kubwa ambayo Ibn Manzur aliimaliza mwaka 1290. Kamusi hiyo imepangwa kwa herufi ya mwisho ya asili ya neno. Atakaye kataba hafungui mlango wa kaf. Hufungua mlango wa ba, kisha ndani yake akatafuta fasili ya kaf. Karne tano kabla yake, al-Khalil bin Ahmad aliipanga Kitabul-Ayn kwa mahali herufi inapotokea kinywani, akaanza na ain itokayo kooni. Na faharasa ya maneno ya Qur'ani aliyoitunga Muhammad Fuad Abdul-Baqi, iliyochapishwa Cairo mwaka 1945, nayo hufuata asili ya neno. Mwanafunzi mgeni akitafuta mizani katika herufi ya mim hurudi mikono mitupu, kwa kuwa asili yake ni waw, zay na nun, na neno lenyewe limekaa katika waw likimngoja.

Katika vitabu hivyo taabu yote ilikuwa ya mtafutaji. Mwandishi alikwishapanga nyumba yake apendavyo, na mgeni alipaswa kujifunza mlango uko wapi. Tulijifunza, na hatujuti. Lakini mtandaoni mambo yamegeuka. Mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria motoni hatajifunza mpango wako. Ataandika neno alilonalo, lile alilolizoea mdomoni, na akikukosa hatajua kuwa amekukosa. Ataingia kwa mwengine. Taabu imehama kwa mtafutaji ikaja kwa mwandishi, na ni haki ije, kwani mwandishi ndiye mwenye nafasi ya kukaa chini na kufikiri.

Ni vyema kufahamu mtambo wa kutafuta, kama huu wa Google, unavyofanya kazi. Mtu anapouliza, mtambo hauanzi wakati huo kuizunguka dunia. Ulikwisha kupita zamani, ukasoma maandishi yaliyo wazi, ukajiwekea faharasa: neno hili limo hapa, pale na kule. Ni kama ile faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu, ila kitabu chenyewe ni kikubwa mno. Kisha hupanga majibu kwa vigezo vingi. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walieleza njia yao ya kupima uzito wa maandishi kwa kuangalia ni wangapi wengine wanaoyaelekeza. Tangu hapo vigezo vimeongezeka sana, lakini msingi umebaki: ambalo halikuandikwa ni vigumu kupatikana. Mtambo siku hizi hujitahidi kufahamu maneno yanayokaribiana maana, na kwa Kiingereza umefika mbali. Kwa lugha ambayo maandishi yake mtandaoni ni machache, kama Kiswahili chetu, haufahamu kwa kiasi hicho. Kwa hiyo uchaguzi wa neno kwetu una uzito zaidi kuliko kwa wenzetu.

Tuna mpwa wetu, mjane mwenye watoto wawili, akaaye Mji wa Kale hapa Mombasa. Alipotoka eda alikuwa akipika mikate ya kuuza, kisha akaanza kusaga viungo na kuvitia pakiti. Akaona aandike mapishi ya nyumbani na kuyaweka mtandaoni, ili apendaye chakula anunue na viungo. Aliandika kwa mkono mzuri. Mapishi ya mahamri aliyaita "Siri ya Alfajiri". Ya mkate wa sinia aliyaita "Hazina ya Bibi". Miezi mitatu ikapita, wasomaji wake wakawa ni dada zake wawili na shoga yake mmoja, na pakiti za viungo zimejaa kabatini ilhali karo ya shule haingoji. Akaja kwetu baada ya sala ya alasiri, akaketi, akasema, "Mjomba, kwani watu wa siku hizi hawali?"

Tukamwambia, "Wanakula, mwanetu. Lakini hakuna mwenye njaa aandikaye Siri ya Alfajiri."

Akacheka, kisha akanyamaza. Tukaagiza kahawa na daftari.

Jambo la kwanza tulilomtaka afanye ni kuandika kila chakula chake, na mbele yake aandike majina yote ambayo watu hukiitia, si lile moja alipendalo yeye. Alimpigia simu mamake, akampigia shangazi yake, akampigia rafiki yake aliyeolewa Tanga, akamuuliza na jirani yake aliyetoka Machakos. Siku ya pili daftari lilikuwa limejaa. Mahamri wengine huyaita mamri, na watu wa bara aghalabu huyaita mandazi, ingawa sisi wa pwani twajua kuwa si kitu kimoja. Kaimati kuna waziitao kalimati. Mkate wa sinia ndio mkate wa kumimina. Iliki yaandikwa pia hiliki. Kitunguu thomu cha Mvita ni kitunguu saumu cha vitabuni. Uzile ndio bizari nyembamba. Na neno bizari peke yake ni mtihani: yuko aambiwaye atie bizari akatia manjano, na mwengine akatia uzile, na kila mmoja akaona amefuata.

Hapo tukamkumbusha jambo la historia. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa, na lahaja iliyochaguliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu ikawa ni Kiunguja. Tangu zama hizo mtoto wa Mvita husema mtuzi nyumbani na kuandika mchuzi shuleni, husema mtele kwa nyanya yake na mchele kwa mwalimu wake. Naye anaposhika simu ili atafute, mkono wake huandika kama ulivyofunzwa shuleni. Basi aandikaye mtuzi pekee amewafungia wengi mlango, wakiwamo watoto wa Mvita wenyewe.

Jambo la pili ni kusikiliza kabla ya kusema. Ukiandika "jinsi ya kupika" katika mahali pa kutafutia, kabla hujamaliza mtambo hukuletea miisho kadhaa. Miisho hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na yale ambayo wengine wamekwisha kuyatafuta. Mpwa wetu alikaa jioni nzima akiandika herufi moja moja na kunakili alicholetewa. Akateremka hadi chini ya majibu, ambako huwekwa maswali mengine yanayofanana. Alifanya hivyo katika dirisha la faragha, kwa kuwa simu ya mtu hukumbuka mazoea ya mwenyewe na kumrudishia yake. Ipo pia zana ya bure iitwayo Google Trends, yenye kumbukumbu tangu mwaka 2004, ambayo humwezesha mtu kulinganisha maneno mawili, Kenya na Tanzania, mwezi kwa mwezi. Ila aitumiaye ajue kwamba nambari 100 anayoiona humo si idadi ya watu. Ni kilele tu cha neno hilo, na nyengine hupimwa kwacho. Na neno litafutwalo na wachache, zana hiyo husema data haitoshi. Asivunjike moyo. Kutokuonekana kwa kipimo si dalili kwamba watu hawapo.

Hata hivyo, twaona mahali bora zaidi pa kusikiliza ni vinywa vya watu. Tulimwambia arejee jumbe zote ambazo wanunuzi wake walimwandikia kwa simu, anakili maswali kama yalivyo, bila kuyapamba. Tukayasoma pamoja. Mmoja aliuliza, "Mbona mahamri yangu hayafuri?" Mwengine, "Mbona yanakunywa mafuta?" Wa tatu, "Kilo moja ya unga, tui kiasi gani?" Tukamwambia, hivi ndivyo vichwa vya maandishi yako, wamekuandikia wenyewe. Jawabu la swali la kwanza alikuwa nalo kitambo: tui likitiwa la moto sana huiua hamira, nayo hamira ikiwa kuukuu haina nguvu. Jawabu la pili ni kwamba mafuta hayakupata moto wa kutosha kabla ya kutumbukizwa. Alikuwa na elimu yote hiyo, lakini aliificha ndani ya "Siri ya Alfajiri" ambako hakuna aliyeuliza. Hata katika swali lile la kwanza palikuwa na funzo la neno. Mvita husema unga umefura, na vitabu husema umeumuka. Akaandika yote mawili, moja katika kichwa na moja katika mstari wa mwanzo.

Asidhani mtu kwamba maswali kama hayo ni machache na kwamba yatakwisha. Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya maswali wanayoulizwa kila siku ni mapya, hayajapata kuulizwa kabla. Binadamu hawaishi kuuliza, na kila nyumba ina namna yake ya kuuliza.

Jambo la tatu ni kufahamu kusudi la mwenye kuuliza. Neno ni moja, nyoyo ni nyingi. Aandikaye "hiliki" tu huenda ataka kujua ni nini, au ataka kuona picha ya mmea wake. Aandikaye "faida za hiliki" ana jambo la afya moyoni. Aandikaye "hiliki ya kusaga inauzwa wapi Mombasa" amekwisha kutoa pochi. Mpwa wetu alitaka kuuza viungo, lakini maandishi yake yote yaliwaendea wale wa kwanza. Hatukumwambia awaache, maana kuwafunza watu ni jambo jema. Tulimwambia amjue mgeni wake kabla ya kufungua mlango, ampokee kwa alichojia. Amjiaye kujifunza apewe somo kamili, na amjiaye kununua asizungushwe kwa hadithi ndefu kabla ya kuonyeshwa bei na pahali.

La nne ni kutowania neno kubwa. Neno "pilau" peke yake lina watu waliolikalia kwa miaka mingi. Mgeni alitakaye ni kama mtu aliyeingia Marikiti na kikapu kimoja cha uzile, akasimama katikati ya maduka ya viungo akinadi "viungo, viungo". Hatasikika. Lakini akinadi "uzile uliokaangwa, tayari kwa pilau ya arusi", yule mmoja mwenye arusi atageuka. Mwaka 2004 mwandishi wa Marekani, Chris Anderson, aliupa umaarufu msemo wa "mkia mrefu" kwa maana inayokaribia hii: vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na wachache wakitakao, jumla yake huweza kushindana na vile vichache vyenye umaarufu. Basi mpwa wetu akaandika juu ya pilau ya watu hamsini kwa sufuria moja: mchele kilo ngapi, nyama kilo ngapi, maji kiasi gani. Wanaouliza hilo si wengi. Lakini kila aulizaye ana shughuli nyumbani kwake, na atahitaji viungo vya watu hamsini.

La tano ni wakati. Watu hawatafuti kaimati mwaka mzima kwa kiasi kimoja. Hutafuta Ramadhani inapokaribia na inapoingia. Na mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko ule wa miladi, hivyo mwezi huo hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Wafundishao mambo haya kwa desturi za Ulaya husema andaa mapishi ya sikukuu mwezi fulani, na ushauri huo kwetu haushiki. Tulimwambia afuate mwandamo wa mwezi, maandishi ya futari yawe tayari tangu Rajabu, kwa kuwa maandishi mapya huchukua muda kabla ya mtambo kuyasoma na kuyaamini. Apandaye siku ya mvua ya mwisho asilaumu ardhi.

Kisha neno likishapatikana, mahali pake ni wapi? Kichwani, katika mistari ya mwanzo, na katika vichwa vidogo vya ndani pale linapohusika. Basi. Wako wadhaniao kwamba kulirudia neno mara hamsini kutawapandisha, au kulificha kwa rangi isiyoonekana, au kulipanga katika orodha ya siri ambayo msomaji haioni. Orodha hiyo ya siri, Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii katika kupanga majibu yao. Na kurudiarudia neno bila sababu huhesabiwa na mtambo kuwa ni hila, na hushusha badala ya kupandisha. Lakini hata pasingekuwa na mtambo wa kuadhibu, msomaji ni mtu. Mazungumzo ambayo kila pumzi yana neno lile lile humchosha mwenye akili.

Hadi hapa mambo yalikuwa mepesi. Sasa tuje kwenye zito, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Katika mapishi yake mpwa wetu alikuwa na chai ya habasoda na asali. Mtu mmoja mwenye ujuzi wa mitandao alimwambia hivi: neno "chai ya habasoda" halina watafutaji, lakini "dawa ya kisukari" na "dawa ya presha" zina watafutaji wengi mno. Badilisha kichwa tu, chai ibaki ile ile, na pakiti zote zitakwisha mwezi huu. Hakumwambia aongeze uongo ndani. Alimwambia abadilishe maneno mawili mlangoni.

Akaja kutuuliza, na tuliona usoni mwake kwamba swali lilikuwa na uzito. Karo ilikuwa imebaki nusu, na barua ya shule alikuja nayo mkobani. Si rahisi kumwambia mjane mwenye watoto aache riziki iliyo karibu na mkono wake. Hatukumhubiria. Tulimuuliza maswali tu, kama tulivyouliza kwa maneno mengine yote. Ni nani aandikaye "dawa ya kisukari" saa sita za usiku? Akasema, ni mtu mgonjwa, au mwenye mgonjwa. Anataka nini? Akasema, anataka kupona. Wewe unacho anachokitaka? Akainamisha kichwa. Tukamuuliza la mwisho: je, akija, akaiamini chai yako, akaacha sindano aliyoandikiwa na daktari, itakuwa nani aliyemwita?

Akaondoka bila ya kujibu. Siku mbili baadaye alitutumia kichwa cha maandishi yake: "Jinsi ya kupika chai ya habasoda na asali". Chini yake aliandika mwenyewe, bila ya sisi kumwambia, kwamba hiki ni kinywaji cha nyumbani na si tiba, na mwenye maradhi afuate dawa za daktari wake. Pakiti hazikwisha mwezi ule. Ile nusu ya karo iliyobaki aliilipa kwa kupika maandazi ya kantini ya shule, akiamka saa tisa za usiku, kwa wiki saba.

Twalitaja hili kwa sababu neno la kutafutia ni mwito. Anayeandika "dawa ya kisukari" juu ya mlango wake ameita watu, nao wataitika kwa haja waliyo nayo, si kwa bidhaa aliyo nayo yeye. Muuzaji wa sokoni akipunja mizani, humpunja aliyesimama mbele yake, na huenda akamtazama usoni akaona haya. Aandikaye neno la uongo mtandaoni huwapunja watu asiowaona, usiku na mchana, hata akiwa amelala. Ndiyo maana twasema uchaguzi wa maneno haya ni sehemu ya amana ya biashara, kama kipimo na kama bei.

Kuna swali jengine ambalo baadhi ya wazee wenzetu wametuuliza. Ikiwa kila mtu ataandika maneno yatafutwayo na wengi, je, maneno yetu hayatakufa? Mtuzi utakuwa mchuzi, mahamri yatakuwa mandazi, uzile utasahauliwa, na mjukuu wetu hatajua giligilani ni nini ila dania. Swali hili ni la haki, na hatuwezi kulipuuza. Sisi wenyewe huumia tukisikia mtoto wa Kibokoni hajui nyanya yake asemapo nini.

Lakini twaona kwamba neno halifi kwa kuwekwa karibu na jingine. Hufa kwa kuwekwa peke yake mahali pasipofika mtu. Njia aliyoishika mpwa wetu ni hii: mlangoni huweka neno la mgeni, na ndani humfunza neno la nyumba. Kichwa chasema "Mchuzi wa pweza wa nazi", na mstari wa kwanza wasema kwamba chakula hiki Mvita huitwa mtuzi wa pweza. Palipo na bizari nyembamba huandika kuwa sisi huiita uzile. Kwa njia hiyo aliyetoka bara hujifunza neno letu akiwa anapika, nalo humkaa kwa kuwa limeingia pamoja na ladha. Na neno la Mvita likiwa limeandikwa hapo, siku moja huja mwenyewe akalitafuta.

Na alikuja. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Uingereza zamani, alimwandikia mpwa wetu ujumbe. Mamake alikuwa amefariki. Alitaka kupika alichokuwa akipikiwa, na hakuwa akikijua kwa jina la vitabuni. Aliandika "mtuzi wa pweza" kama mamake alivyokuwa akisema, akamwona mpwa wetu peke yake. Alimwambia, "Nilisoma lile neno nikasikia sauti yake." Kisha akaagiza pakiti kumi za viungo, akaomba ziletwe na jamaa yake aliyekuwa likizo.

Katika zana ya bure ambayo Google huwapa wenye maandishi, iitwayo Search Console, mtu huweza kuona ni kwa maneno gani wageni wamemfikia. Mpwa wetu huifungua kila Ijumaa baada ya kazi za nyumbani. Aonapo neno ambalo hakulikusudia na watu wanalitumia, huuliza wanataka nini, na akiwa nalo huwaandikia. Aonapo maandishi yake yanaonyeshwa kwa neno fulani lakini watu hawaingii, hujua kwamba kichwa chake hakikuwaonyesha wakitakacho, naye hurekebisha. Sasa husaga viungo mara mbili kwa wiki, na binti yake mkubwa humsaidia kuandika anwani juu ya bahasha.

Kwa wazazi twasema, msiwaache binti zenu peke yao katika kazi hii mkidhani ni ya simu na vijana tu. Nusu yake ni elimu ambayo mnayo nyinyi. Ni mama ajuaye kwamba chakula kimoja kina majina manne. Ni shangazi akumbukaye watu wa Lamu husemaje. Kaeni nao na daftari, wahesabieni majina, waulizeni wanayemwita ni nani na watampa nini akifika. Na mabinti zetu, mkiambiwa kuna neno litakaloleta watu wengi, lipokeeni kwa swali moja: je, ninacho?

Mwenyezi Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu, na awape riziki ya halali yenye kutosha. Wabillahi tawfiq.